Tanga: Tuichangie shule bila kutumia hela kutafuta hela (wazazi, wahitimu na wajumbe wa kamati, tukutane hapa)

#1 Mgosi_Ngamiani

Wakuu, salaam. Wagosi wa Kaya wa Coastal Union, Wana Kimanumanu wa African Sports, na nyie mliokuja leo mkagoma kuondoka, karibuni.

Nipo kwenye kamati ya shule moja ya msingi hapa mjini. Jina naliacha, maana haya yanaihusu hata shule ya mtaani kwako. Tunahitaji madawati 40. Dawati la watoto watatu, fremu ya chuma na mbao ya maana, tumepewa bei ya elfu 90. Zidisha mwenyewe: milioni 3 na laki 6.

Kabla hujaniandikia kwamba elimu ni bure, ni kweli. Ada ilifutwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, utekelezaji ukaanza Januari 2016. Serikali inaleta ruzuku ya uendeshaji, shilingi elfu 10 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Humo, elfu 4 ni ya vitabu na hainusi akaunti ya shule. Inayofika ni elfu 6. Shule ya watoto 600 inapata milioni 3 na laki 6 mwaka mzima, na hapo hapo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo. Umeona hiyo namba imegongana na ya madawati? Tukinunua madawati kwa ruzuku, watoto watakaa vizuri wakiangalia ubao usio na chaki.

Sasa hoja yangu. Shule zetu zikitaka kuchangisha, kitu cha kwanza ni kuandaa shughuli. Kwenye kikao kilichopita mjumbe mmoja, mtu mwema tu, alileta wazo la chakula cha hisani: ukumbi, MC, mziki, mapambo, kadi. Tukapiga hesabu pale pale, ikagonga laki 9 kabla mgeni hajavuta kiti. Tiketi ikiwa elfu 10, lazima uuze 90 ndipo urudi sifuri, na bado hujapata hata mguu wa dawati. Tumekunywa soda, tumepiga picha, tumerudi nyumbani na deni la spika.

Kwa hiyo nimejiwekea sharti moja: njia yoyote ya kuchangisha isianze kwa kutoa hela za shule. Na mchango uombwe kwa kitu chenye bei. Ukimwambia mtu "changia maendeleo ya shule" anakutazama tu. Ukimwambia "ubao wa kukalia wa dawati moja ni kiasi hiki", mkono unaenda mfukoni wenyewe.

Nilizonazo ni hizi.

Mnada wa jogoo. Huu tunaujua sote, uwe umetoka kwenye maulidi ya madrasa au Jumapili ya mavuno kanisani. Mzazi mmoja anatoa jogoo. Anafungwa kamba ya katani mguuni, anawekwa mezani. Mnadishaji awe mtu mwenye mdomo, wale wauza mitumba wa Mgandini wanafaa sana. "Elfu tano ya kwanza, elfu tano ya pili, nani anamwokoa huyu mtoto wa watu?" Fundi cherehani anamchukua kwa elfu 8, analipa, halafu anasema kwa sauti: "Namrudisha kwa shule." Jogoo anapanda tena mezani. Safari hii wanashindana wauza samaki wawili ambao hata nyumbani hawapatani, anafika elfu 20, anarudishwa tena. Jogoo mmoja anauzwa mpaka yeye mwenyewe anachoka kuwika, na mwisho anaenda kwa bibi yeyote mliyekubaliana. Gharama ya shule: sifuri.

Siku ya vitafunwa. Kila mama alete anachokijua: mahamri, kachori, bajia, vitumbua, mihogo ya nazi. Viuzwe uwanjani Jumamosi.

Masanduku mawili. Siku ya kikao cha wazazi tunaweka sanduku la Coastal Union na sanduku la African Sports, timu zetu mbili za mpira. Unatia chochote upande wako. Matokeo yanasomwa hadharani. Mjue wenyewe.

Leteni mawazo, na leteni mapungufu.

#2 Kimanumanu_Damu

Hilo wazo la tatu, la masanduku, ndilo nimelipenda, kwa sababu jibu linajulikana. Nyie Coastal mtatia sarafu za 1988, ule mwaka mliochukua ubingwa, maana tangu hapo hamna hela nyingine.

#3 Mgosi_Ngamiani

@Kimanumanu_Damu tia kwanza, maneno baadaye.

#4 BintiMakorora

Kaka yangu umesema vizuri ila hapo kwenye vitafunwa umepita mbio kama mwanaume. "Gharama ya shule sifuri" sawa, unga ni wa nani? Mafuta ya nani? Mama akikukaangia bajia sahani mbili, hiyo hela imetoka jikoni kwake. Nyie kwenye kitabu mnaandika "mapato ya vitafunwa" na jina lake halipo.

Mimi nauza maandazi, nakwambia inavyokwenda. Kwanza, msiwaombe wote walete vitu. Atakayeleta unga alete unga, mwenye nazi alete nazi, mwenye jiko la mkaa kubwa alete jiko, na asiye na kitu aje kusukuma. Tupike pamoja pale pale shuleni tangu alfajiri. Unga ukikandwa pamoja unakwenda mbali kuliko kila mtu na bakuli lake. Na andazi la moto linauzika, lile lililokuja kwenye ndoo tangu jana usiku watu wanalibonyeza tu na kuliacha.

Pili, pale getini kuna mama wawili watatu wanauza mihogo na ubuyu kila siku, wengine ni wazazi hapo hapo. Siku yenu ya vitafunwa mnawaulia biashara. Waingizeni ndani, wauze vyao, wakubaliane na kamati watoe kiasi gani. Hawatakataa.

Tatu, chenji. Noti ya elfu 10 asubuhi kwa andazi la mia mbili inasimamisha foleni yote. Mtu mmoja kazi yake iwe chenji tu.

#5 Zege_Halilali

Mbona mnazunguka? Watoto 600, kila mmoja alete kilo moja ya chuma chakavu kwa wiki. Mwezi mmoja madawati yamepatikana.

#6 MwalimuChaki

@Zege_Halilali ukiwaambia watoto 600 walete chuma chakavu, wiki ya kwanza wataleta masufuria mabovu. Wiki ya pili wataleta masufuria mazima. Wiki ya tatu watakuja maafisa wa reli na TANESCO kuuliza vitu vyao. Sitaki hata kufikiria mfuniko wa mtaro wa barabara. Chupa za plastiki sawa, zinapimwa kwa kilo na wanunuzi wapo, ila chupa ni nyepesi. Unahitaji magunia na magunia ndipo mzani uonyeshe kitu. Ifanyeni kwa ajili ya usafi, hela ikipatikana ni nyongeza.

Wakuu, mimi ni mwalimu, nisemee upande wetu. Wazazi wengi hawajui kwamba tunaogopa neno mchango kuliko mnavyodhani. Waraka Na. 3 wa 2016 unaruhusu jamii kuchangia kwa hiari, lakini hiari hiyo haimgusi mtoto: hafukuzwi, harudishwi nyumbani, hasimamishwi mstarini kwa sababu mzazi hajatoa. Januari 2018 Rais Magufuli alikemea michango shuleni hadharani, na tangu wakati huo mwalimu mkuu yeyote mwenye akili zake hashiki shilingi ya mzazi mkononi.

Kwa hiyo hata huo mnada wa jogoo: wazo lipite kwenye kamati ya shule, liende kwenye mkutano wa wazazi, muhtasari uandikwe, barua ipitie kwa mtendaji wa kata na afisa elimu mpaka kwa mkurugenzi. Ndiyo, inachosha. Ila barua yenye muhuri ndiyo inayomlinda mwalimu siku mtu mmoja atakapopiga simu redioni kusema "shule fulani wanachangisha kwa nguvu". Hela ikusanywe na kamati, iingie akaunti ya shule, mwalimu abaki na kazi ya kufundisha.

Na watoto msiwageuze wachuuzi. Mtoto asipewe bahasha azungushe mitaani saa za masomo.

#7 Nyuki_wa_Handeni

Hapo kwenye jogoo mimi ningeongeza bahati nasibu. Tiketi ya mia tano, zawadi mbuzi. Mbuzi namtoa mimi.

#8 Ami_Chumbageni

@Nyuki_wa_Handeni Mungu akubariki na mbuzi wako, lakini hapo tutagombana mara mbili. Kwanza kuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 na Bodi yake. Bahati nasibu ya kuuza tiketi inataka kibali, hata iwe ya mbuzi. Pili, mji huu unaujua. Ukitangaza tiketi za bahati nasibu, nusu ya wazazi watakwambia hiyo ni kamari, na hawatatoa hata kwenye yale mengine yaliyo halali. Mtoe mbuzi mnadani, apande mezani baada ya jogoo.

#9 Nyuki_wa_Handeni

Sawa ami, mbuzi yupo. Ila mkimrudisha mara nyingi atakula nguo zenu.

#10 Fundi_Mabawa

Nimesoma kuanzia juu. Hakuna aliyeuliza swali la kwanza ambalo fundi angeuliza: hayo madawati ya zamani yako wapi?

Nenda shule yoyote hapa mjini, zunguka nyuma ya madarasa au chungulia stoo. Utakuta mlima wa madawati yaliyoumana miguu. Mengi fremu ni nzima. Kilichokufa ni mbao ya kukalia, au bolti zimeng'oka watoto wakabembea mpaka likalegea, au weldi imeachia sehemu moja. Dawati jipya ni elfu 90 kwa sababu chuma ndicho kinachobeba bei. Fremu ikiwa ipo, kazi ni mbao, bolti, msasa, rangi kidogo dhidi ya kutu (na huku kwetu kutu haina mchezo, upepo wa bahari unakula chuma usiku na mchana). Haiwezi kufika nusu ya bei.

Yahesabuni kwanza. Yapangeni mafungu matatu: la weldi tu, la mbao tu, na lililokufa kabisa likatwe vipuri vya kuokoa mengine. Huenda katika 40 mnayotaka, mapya ni machache tu.

Kuhusu ufundi, mafundi wa mtaa watakuja siku moja bure mkiwaita kwa heshima na chakula kikawepo. Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kujitolea, haujafa. Na pale VETA kuna vijana wa uchomeleaji na useremala wanaotaka chuma cha kujifunzia. Shule iandike barua, ilete vifaa, wao walete mikono na mwalimu wao asimamie. Mimi mwenyewe nipo Mabawa, mashine ya kuchomelea ninayo. Umeme tu uwe wa shule.

#11 Mgosi_Ngamiani

@Fundi_Mabawa hii imenikalisha chini. Stoo yetu ipo na imejaa. Jumatatu naenda na daftari.

#12 Nipo_Muscat

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni wa Msambweni, nipo Oman. Waja leo waondoka leo, sisi wengine tuliondoka kweli.

Huku tupo wengi wa Tanga na tunataka kutoa. Tatizo letu si hela. Ukishatuma, inakuwa kama umetupa jiwe baharini. Unaambiwa "imefika, Mungu akulipe", basi. Mwaka mmoja tulichangia matundu ya vyoo vya shule moja huko nyumbani, nilipokuja likizo nikakuta msingi na nyasi. Sitaji shule, wenyewe wanajijua.

Mkiniambia dawati moja la kukarabati ni kiasi gani, mimi nachukua matano kwa niaba ya marehemu mama yangu. Iwe sadaka yenye kuendelea, kila mtoto akisoma pale juu yake, na yeye apate huko aliko. Ninachotaka ni picha ya dawati likiwa bovu na picha likiwa zima. Mkiweza kuandika jina la mama pembeni kwa rangi, nitafurahi.

#13 Ami_Chumbageni

Allah amrehemu mama. Hilo la sadaka jaria kamati nyingi zinalisahau, na ndiyo lugha ambayo watu wetu wanaielewa. Kuna mzee hawezi kukupa elfu 5 ya "harambee", lakini dawati kwa nia ya mzazi wake atalitafutia hela mwezi mzima.

Jina kwenye dawati mimi lingenipa mashaka kidogo, lisije likaingia riya, kutoa ili uonekane. Na kuna hili pia: mwenye dawati tano zenye majina na mwenye kutoa shilingi mia tano, watoto wao wanakaa darasa moja. Wekeni namba tu kwenye dawati, na daftari la kamati lionyeshe namba hiyo imetoka kwa nani. Anayetaka kujua atasoma.

#14 Nipo_Muscat

Namba inatosha sheikh. Hata nzuri zaidi, nitakuja kulitafuta.

#15 Leja_na_Kalamu

Nimestaafu uhasibu wa halmashauri (si ya Tanga). Mheshimiwa wa Muscat amegusa penyewe, ndiyo maana nimetoka mafichoni.

Mnada na vitafunwa vitaleta hela siku hiyo. Kitakachowaletea hela mara ya pili ni karatasi moja iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Fanyeni hivi: wanaohesabu wawe wawili wasio na undugu, wahesabu mbele za watu, jumla itangazwe kabla watu hawajatawanyika. Kila anayetoa apewe stakabadhi, hata wa mia tano. Hela ya mkononi isilale nyumbani kwa mweka hazina. Siku inayofuata ya kazi iende benki kwenye akaunti ya shule. Hiyo ikishaingia, mwalimu mkuu ataiingiza kwenye FFARS, mfumo wa kuweka hesabu za fedha, kama fedha nyingine za shule, na matumizi yake yatakaguliwa.

Mchango wa vitu nao ni mchango. Mbao kumi, kilo mbili za misumari, mfuko wa saruji, vyote viingie leja ya stoo kwa idadi na jina la aliyeleta. Hapo ndipo penye kuvuja kuliko kwenye hela. Hela inahesabiwa na watu wawili, saruji inahesabiwa na aliye na ufunguo.

Na nguvu kazi iandikeni pia. Fundi aliyekuja siku nzima bure, kadirieni ujira wake muuandike. Siku mtakapopeleka barua kwa mfadhili mkubwa, mtamwonyesha kwamba wananchi wametoa kiasi fulani tayari. Hakuna anayependa kuwa wa kwanza kutoa.

#16 Zege_Halilali

Mfadhili mkubwa ndiye ninayemsubiri. Viwanda vya saruji viko hapo Pongwe na Maweni, bandari ipo, nyie mnahangaika na maandazi.

#17 Leja_na_Kalamu

@Zege_Halilali waandikieni, ila wasiombwe hela. Kiwanda cha saruji kiombwe saruji, tena idadi ya mifuko na kazi yake, pamoja na makadirio ya fundi yaliyosainiwa na mhandisi wa halmashauri. Barua inayosema "tunaomba msaada wowote" inakaa chini ya nyingine zinazosema hivyo hivyo.

Kwa kazi kubwa zaidi ya madawati ipo Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, iliyoundwa kwa Sheria ya Mfuko wa Elimu ya 2001. Kampuni inayochangia elimu kupitia kwao hupewa cheti kinachoisaidia kwenye hesabu za kodi. Wafanyabiashara wengi hawajui, waambieni. Lakini darasa moja lile la fedha za UVIKO mwaka 2021 lilijengwa kwa milioni 20. Huwezi kulijenga kwa jogoo, na huna haja ya TEA kwa madawati 40. Kila ugonjwa na dawa yake.

#18 Kimanumanu_Damu

Nimekaa nikafikiria kwa uzito (inatokea). Kuliko masanduku ya timu peke yake, tumieni mwaka wa kumaliza darasa la saba. Kila shule kongwe hapa ina magrupu ya WhatsApp ya wahitimu, yanatumika kutumiana video za ajabu na rambirambi. Tangazeni waliomaliza '95 wana madawati mangapi, 2003 mangapi, 2010 mangapi. Hakuna atakayekubali grupu lake lisomwe la mwisho. Wakusanye wenyewe kwa M-Koba, ile huduma ya kuweka hela za kikundi kwa simu, kule hela haitoki bila wenzako kuidhinisha, kisha wapeleke akaunti ya shule kwa mkupuo. Makato ya kutuma yanaliwa mara moja badala ya kila mtu na elfu 2 yake.

Ila sanduku la African Sports libaki.

#19 BintiMakorora

Mwenzangu, na mchango wa harusi je? Kadi ya mchango wa harusi ya elfu 50 mnalipa bila kupumua, tena mkikumbushwa mara moja tu. Maharusi wenyewe mngewaambia waweke sahani moja ya shule pale mlangoni.

#20 Ami_Chumbageni

Usithubutu. Mama wa bwana harusi atakufukuza na sahani yako.

#21 Mgosi_Ngamiani

Wakuu, nimerudi. Jumatatu tumefungua stoo na @Fundi_Mabawa amekuja mwenyewe, Mungu amlipe. Madawati mabovu yaliyomo ni 43. Kwa jicho lake, 17 ni mbao na bolti tu, 12 yanataka weldi na mbao, 14 ni ya kukatwa vipuri. Kwa hiyo 29 yanafufuka na mapya tunayohitaji ni 11. Mapya ni laki 9 na elfu 90. Ukarabati anauandikia makadirio kwa bei ya mbao za wiki hii, nitayabandika hapa na kwenye ubao wa shule.

Chakula cha hisani kimekufa rasmi, mjumbe mwenyewe ndiye aliyependekeza kifutwe. Barua imeshafika kwa mtendaji wa kata. Tukipata kibali, mnada na vitafunwa vitakuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya watu kupokea mishahara. Kupika ni kwa utaratibu wa Binti, unga na nazi vianze kuletwa Ijumaa jioni. @Nipo_Muscat matano yako ni namba 1 hadi 5 kati ya yale 12 ya weldi, picha za ubovu nakutumia leo. Wa '95 wameshaniandikia wanataka kujua wa '96 wametoa ngapi.

#22 MwalimuChaki

Afisa elimu akiuliza, muhtasari wa mkutano wa wazazi uwe na sahihi na idadi ya waliohudhuria. Mwaka jana barua ya wenzenu ilirudishwa kwa kukosa hicho tu.

#23 Mgosi_Ngamiani

Upo, mwalimu. Nakala tatu.

#24 Zege_Halilali

Mimi sina jogoo wala mbuzi. Nina kirikuu. Mbao zikinunuliwa niambieni niende kuzibeba, mafuta juu yangu.